Vipele Tulivyoviita Ndui

Kama umeamka leo ukamkuta mwanao ana vipele vyeupe shingoni au kwapani, vidogo kama punje za mtama, vinang'aa, na kila kimoja kina kishimo katikati, basi kaa kitako kwanza. Usivikamue. Usikimbilie kwa jirani. Mguse paji la uso. Kama hana joto, anakula, anacheza na anakutia hasira kama desturi yake, basi mtoto hajambo na mgonjwa ni wewe. Mimi niliugua hofu hiyo kwa mvua tatu, nikawaambukiza na wenzangu, na mmoja wao aliilipia kwa uso wa mwanawe. Naandika sasa kwa kuwa Zuhura wangu amepona.

Kwetu ni Kipini. Mume wangu, Shee, alikuwa akipanda Mto Tana kwa mtumbwi kununua mpunga na ngozi, kisha akishuka navyo pwani. Alipochoka kulala katika nyumba za watu alijenga yake katika kijiji cha Wapokomo karibu na Garsen, akatuhamishia huko mimi na mama yake, Bi Mwanakombo. Mavyaa wangu alikuwa mwanamke wa kusikilizwa. Akisema mvua hainyeshi, nilianika mpunga hata kama wingu naliona kwa macho yangu. Hapo ndipo nilipomzaa Zuhura, na hapo ndipo nilipompata shoga yangu Mama Sadia, Mpokomo, mkulima, nyumba yake na yangu ua mmoja. Tuliazimana moto, chumvi na watoto. Sadia wake alikuwa na miaka kama saba, Zuhura wangu mitatu.

Watu wa mto wana jambo lao moja ambalo sisi wa pwani hatunalo. Kwa kuogopa mamba, huchomeka miti ndani ya maji ukingoni, wakafanya kizizi kidogo cha kuchotea maji na kuogea. Masika yale mto ulijaa mpaka kijiji kikabaki kisiwa, na watoto wote wakawa wanaogeshwa ndani ya kizizi kimoja, maji ya magoti, bega kwa bega, tukiwasugua kwa dodoki moja lililopita mkono kwa mkono. Siku hizi naamini vipele vilitoka humo. Wakati ule niliona raha tu kwamba mwanangu haliwi na mamba.

Vilianza saba, chini ya shingo. Maji yalipoanza kushuka na watu wakaenda kupanda mpunga topeni, vilikuwa thelathini, vingine kwapani, kimoja kwenye ukope wa jicho la kulia. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Havikumuuma. Alikimbia navyo uani uchi, kila mpita njia akaviona, na kila aliyeviona alikuwa na dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa liwa, tukampaka kutwa kucha mpaka akanukia kama mwali. Ya pili ilikuwa ndimu na chumvi, na hiyo ilimtoa machozi mtoto na mimi pia. Ya tatu, unywele uliofungwa shingoni mwa kipele mpaka kikatike. Vikubwa viwili vilikatika, vikatoka sita pembeni. Ya nne, Bi Mwanakombo alimbana mtoto mapajani akavikamua kwa kucha, kimoja kimoja, kikatoka kitu cheupe, kigumu, mfano wa punje ya wali. Zuhura alilia mpaka sauti ikamkauka. Wiki mbili baadaye palipokamuliwa pote palikuwa na vipele vipya, na mikono ya Bi Mwanakombo haikuwa na kipele hata kimoja.

"Mkono wangu una baraka," akasema. "Mtoto ndiye mwenye damu chafu. Nawe ulipokuwa na mimba ulikula nini?"

Nilinyamaza. Naomba ukumbuke kwamba nilikuwa na tabia hiyo tangu mapema. Nina ulimi mkali nikiwa na Mama Sadia kisimani, lakini mbele ya wakubwa ulimi wangu hulala.

Mpunga ulipoanza kutoa mashuke, Shee alinishusha Ngao, kwenye nyumba ya wamisheni, kwa kuwa alisikia wanatoa dawa. Tulikaa barazani siku mbili. Palikuwa na vidonda vya miguu, majipu, watu wa homa waliojifunga mablanketi juani. Mwanamke mmoja alipomwona Zuhura alimvuta mwanawe akamhamishia upande wa pili wa baraza, na wengine wakamfuata, mpaka tukabaki peke yetu na nusu nzima ya mkeka. Nilimfunika Zuhura kwa leso yangu. Akaifunua. Nikamfunika tena, nikamfinya. Alinitazama akiwa hajui kosa lake, nami nikajichukia.

Siku ya pili mchana akatoka bibi wa Kizungu, mwenye uso mwekundu na mikono mipole. Alimgeuza mtoto kuelekea kwenye mwanga, akamshika paji, akamtazama ulimi.

"Homa iko?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Kula?"

"Anatumaliza."

Akacheka. "Hii hapana ndui. Hapana ukoma. Hii ya watoto tu. Wewe acha. Usikamue, usikate. Itakwenda yenyewe."

"Lini?"

"Mvua moja. Labda mvua mbili. Na nguo yake ya kujifuta, yeye peke yake."

Hakunipa dawa. Hata mafuta hakunipa. Siku mbili nimekaa barazani ili niambiwe nirudi nyumbani nikakae! Nilipanda mtumbwini nimenuna. Leo najua kwamba yale ndiyo maneno bora niliyopata kuambiwa na mtu kuhusu mwili wa mwanangu, na sikuyapenda kwa sababu hayakuwa na harufu wala chupa.

"Amekupa dawa gani?" Bi Mwanakombo aliniuliza kabla sijafika mlangoni.

"Hakunipa."

"Basi hakujua."

Kabla ya mavuno habari ikashuka na mto: ndui imeonekana huko juu. Nani kaiona, hakuna aliyejua, lakini kuanzia siku ile watu wote waliokuwa wakimcheka Zuhura waliacha kucheka. Ndui nayo hufanya kipele chenye kishimo. Mimi naijua. Niliiugua Kipini nikiwa mdogo, na uso wangu una mashimo mpaka leo. Najua kwamba ndui huanza na homa na mgongo kuvunjika kabla hata kipele kimoja hakijatoka, na kwamba aliyepona hairudii tena. Zuhura hakuwa na homa hata siku moja. Lakini mtu mwenye hofu hutazama kipele, hatazami mtoto.

Wazee wa gasa, yaani baraza la Wapokomo, walikuja uani kwetu wakasimama mbali. Mkubwa wao alikuwa Mzee Jilo, mtu mwema, mwenye kikohozi.

"Mama Zuhura, sisi hatukufukuzi," akasema. "Lakini nenda na mtoto ng'ambo, kwenye kile kibanda cha kulindia ndege. Mtakaa siku arobaini."

"Wazee, hii si ndui. Nimetoka Ngao, wameniambia si ndui. Na mimi nimeugua, nitazameni."

"Yule mzungu akikosea, yeye hatazikwa hapa. Tutazikwa sisi."

Shee alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimtazama aseme neno. Akasema, "Nitakuleteeni chakula kila siku."

Basi tulivuka. Kibanda kilisimama juu ya miti katikati ya shamba la mpunga, upana wake mkeka mmoja. Zuhura alifurahi. Alipiga debe bovu kufukuza ndege kutwa nzima, akanenepa. Mimi nilikonda. Kilichonila si upweke wala viboko waliokuwa wakiguna majini. Nilijua kwamba siku atakapotokea mgonjwa wa ndui ya kweli, ataletwa hapo hapo, juu ya mkeka ule ule, ubavuni mwa mwanangu ambaye hakuwa na kitu. Hapo ndipo Zuhura angeipata. Kila mtumbwi uliokata maji nilisimama kutazama umebeba nini. Nilimshika mtoto paji la uso mara nyingi hata akawa akiniona tu, anainua uso mwenyewe nimguse.

Shee alileta chakula, akakiweka juu ya kisiki, akarudi nyuma hatua kumi, tukazungumza kwa kupaza sauti kama wagomvi. Mama Sadia hakuogopa. Alileta ndizi mwenyewe, akakaa chini ya kibanda, akanisimulia umbea wote wa kijiji tangu wa shambani hadi wa chumbani. Nilicheka mpaka nikalia. Sitasahau.

Siku ya arobaini mtumbwi ulivuka na watu watano: Mzee Jilo, wazee wawili, Shee, na mavyaa wangu mbele kabisa, amejifunika buibui na amekaa wima.

"Siku arobaini!" akasema kabla hajashuka. "Homa hana, kilio hana, angalia mashavu yake. Sikuwambia? Hii ni ndui pole. Niliiona huko Siu nikiwa kigori, kwa mato yangu. Ndui pole ni neema. Mtoto mmoja mwenye hiyo atawakinga watoto wa kijiji kizima."

Mwenzangu, kama hujaona jambo hili, watu wetu wanalijua tangu zamani: mtu akipata ndui nyepesi, huchukuliwa maji ya kipele chake, wakachanjwa wenye afya mkononi, nao huugua kidogo na kuipita ile kali. Bi Mwanakombo alikuwa amejifunza kuchanja kwa mamake, kwa mwiba wa mndimu. Hakuwa tapeli. Aliamini kila neno alilosema, na alikuwa akimtaka mjukuu wake nyumbani.

Mzee Jilo akanigeukia. "Wewe uliyeugua, unasemaje? Ni ndui pole, au ni kitu tusichokijua? Kama hatukijui, bora mngoje hapa mpaka mvua nyingine ipite."

Nilimtazama Zuhura. Alikuwa ameshapanda mtumbwini, amekaa mapajani mwa baba yake, ambaye alikuwa amemkumbatia kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini. Nilijua jibu. Niliposema kweli hawakuniamini, na nikisema kweli tena nitabaki kibandani. Nikasema:

"Wazee ndio mnaojua."

Maneno matatu. Nimeyarudia tangu siku hiyo mara nyingi kuliko sala zangu.

Siku ya tatu baada ya kurudi, uani kwetu palijaa. Akina mama waliokuwa wakiwavuta watoto wao nikipita walikuja na mikungu ya ndizi, na mchele, na kuku. Zuhura alikalishwa juu ya kigoda, amepakwa wanja. Bi Mwanakombo alitoboa kipele kwa mwiba, akachanja mkono wa mtoto, akafunga kwa jani. Wa kwanza alikuwa Sadia. "Anza na wangu," alisema Mama Sadia, "maana mama yake huyu na mimi ni kitu kimoja." Sadia aliogopa, na mimi ndiye niliyemshika mkono usitikisike. Walichanjwa watoto kumi na wawili.

Mvua za vuli zilipokaribia, mikono ya watoto wale ikatoa vipele vidogo vyeupe, vyenye kishimo, bila homa. Kijiji kilipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Sasa nilikuwa na hakika, kwa sababu mtoto aliyechanjwa ndui ya kweli huugua walau siku mbili tatu, na hawa hawakukosa hata kucheza. Kumi na wawili walikuwa wamepewa kitu kisichodhuru, wakaaminishwa kuwa wamekingwa na kinachoua.

Mara mia nilimwendea Mama Sadia niseme. Mara mia alinikaribisha kwa kicheko, nikakosa pa kuanzia. Halafu ikaja habari ya hakika: ndui iko katika manyatta ya Waorma, wale wafugaji wa uwandani, mwendo wa nusu siku kutoka mtoni. Shee alikuwa ameshuka Kipini. Nikajiambia, atakaporudi nitamweleza yeye, yeye ndiye atawaeleza wazee, mume kwa waume, jambo litakwenda kwa heshima. Nikamngoja siku tatu.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta Mama Sadia uani anatwanga, kwa shida, maana alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Sadia yuko wapi akusaidie?"

"Amekwenda na Darmi juzi," akasema.

Darmi alikuwa mwanamke wa Kiorma aliyekuja malka, pale ng'ombe wao wanaposhuka kunywa maji, kutubadilishia maziwa kwa mahindi. Yeye na Mama Sadia walikuwa marafiki tangu mama zao.

"Amekwenda wapi na Darmi?"

"Kwao. Darmi alisema, 'Sasa kwetu maziwa mingi. Mtoto nakaa wiki moja, nakuwa nono.' Nikamwambia, na ndui je? Akaniuliza, 'Mtoto nachanjwa?' Nikasema amechanjwa. Akasema, basi hapana neno." Akapumzisha mchi begani.

"Mama Sadia," nikasema, "ile si ndui."

"Ipi?"

"Ya Zuhura. Tuliyowachanja. Si ndui pole, si ndui kali, si chochote. Ni vipele tu. Sadia hakukingwa."

Alitua mchi polepole ndani ya kinu. "Nani amekwambia?"

"Yule bibi wa Ngao. Na mimi mwenyewe naijua ndui."

"Ngao ulikwenda lini? Kabla ya kuchanja?"

"Kabla."

"Ulimshika mkono," akasema. "Wewe ndiye ulimshika mkono."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alijifunga leso yake, akaenda zake kwa Mzee Jilo, tumbo mbele, mimi nyuma yake nikikimbia kama mbwa. Nilisema yote mbele ya gasa. Safari hii waliniamini upesi, kwa sababu nilikuwa nasema neno la kuniumiza mwenyewe. Wanaume wawili waliokwisha kuugua ndui walitumwa kumleta Sadia. Njia ya malka ikafungwa kwa miiba siku ile ile, na watoto wengine kumi na mmoja wakazuiwa wasitoke kijijini.

Bi Mwanakombo alinisubiri mlangoni. "Umenivua nguo mbele ya watu," akasema, na hakula chakula nilichopika kwa siku saba. Shee aliporudi akaniuliza kitu kimoja tu. "Kwa nini hukunambia tangu ng'ambo?" Nikamjibu kwamba alikuwa amekaa mtumbwini na mtoto mapajani na uso wake una furaha. Hakuuliza tena, lakini alihamisha mkeka wake, akaenda kulala kwa mama yake.

Sadia aliletwa mzima, ananuka samli, amenenepa kweli. Lakini katika boma alilolala palikuwa na mtoto mwenye homa, na wote wawili walikunywa kwa kibuyu kimoja. Alipelekwa ng'ambo, kwenye kibanda kile kile. Mama yake alitaka kwenda naye. Wazee walikataa kwa ajili ya mimba, na yeye hakuwa amewahi kuugua. Alipiga mayowe, wanawake wanne wakamshika.

"Nitakwenda mimi," nikasema. "Mimi hainishiki tena."

Mama Sadia alinitazama. Kisha akageuza uso, akasema kumwambia Mzee Jilo, "Mwambieni Sadia hulala upande wa kushoto."

Nilimwacha Zuhura na vipele vyake kwa mavyaa, nikaenda kuuguza mtoto wa mwenzangu. Siku kumi na mbili hakikutokea kitu. Tulifukuza ndege. Nilimshika paji la uso kila saa, nikaanza kuthubutu kutumaini. Siku ya kumi na tatu aliamka ana joto na akasema mgongo unamuuma, nami nikajua yote yatakayofuata kwa mpangilio wake.

Sitakueleza ndui. Nitakueleza majani ya mgomba. Ngozi ya mtoto ilipofikia kushika mkeka, nilimlaza juu ya majani mabichi ya mgomba, maana ni laini, baridi, na hayagandi. Majani hukauka haraka. Kila asubuhi nilipotazama ng'ambo ya pili nilimwona Mama Sadia ukingoni na mzigo mpya wa majani, ameyapitisha motoni kidogo yasipasuke, ameyapanga kwa ukubwa. Mwenye mtumbwi aliyaleta akayaacha kwenye kisiki. Halafu Mama Sadia akaita, na mto pale si mpana, sauti inavuka.

"Sadia ameamkaje?"

Nami nikamjibu kilichopo. Ameamka na homa. Ameamka, macho hayafunguki. Amekunywa uji vijiko viwili. Usiku huu hakunijua. Kulikuwa na asubuhi ambayo ningetoa kidole changu nipate kusema "hajambo" tu, nimwone mwenye mimba yule akikaa chini kwa amani. Sikusema. Nilisema, "Leo ni mbaya kuliko jana." Alisimama pale mpaka jua likawa kali.

Sadia aliishi. Magamba yalipokwisha kuanguka, na nguo zetu na kibanda vikachomwa moto, nilimvusha. Macho yote mawili yaliona, Mungu ashukuriwe. Uso wake ulikuwa kama wangu. Mama yake alimpokea, akaushika uso ule kwa viganja viwili, akampeleka ndani. Watoto kumi na mmoja hawakupatwa, kwa miiba ya njiani na kwa rehema, si kwa kuchanjwa.

Nami nikarudi kwa Zuhura. Bi Mwanakombo alikuwa amemwogesha muda wote ule peke yake, kwa dodoki lake na nguo yake, mbali na kizizi, kama nilivyokuwa nimemwomba siku naondoka, bila kukamua hata kipele kimoja. Hakunambia. Nilijua kwa kumtazama mtoto. Nilimbusu mkono mavyaa wangu, akauvuta, akanisogezea sahani, akasema, "Ndoo ule, umekuwa kijiti."

Masika yaliyofuata vipele vya Zuhura vilianza kuwa vyekundu, vikavimba. Nilishikwa na hofu, nikajizuia. Havikuwa vibaya. Ndivyo vinavyoaga. Kimoja kimoja vilikauka vikaanguka, cha ukope kikawa cha mwisho, na kufikia mavuno ngozi yake ilikuwa safi, haina kovu ila mahali pale tulipokamua na kukata sisi. Shee alikuwa amerudisha mkeka wake kabla ya hapo. Mama Sadia alijifungua mtoto wa kiume salama. Nilipeleka uji wa mzazi. Ulipokewa na mtu mwingine mlangoni.

Mwaka mzima tulipita uani bila salamu. Nawe ukidhani ugonjwa wa ngozi ya mtoto ni habari ya ngozi, jaribu kuishi ua mmoja na mtu namna hiyo.

Halafu mchana mmoja, wakati wa kukata mpunga, nikiwa nachambua mchele, kivuli kikaangukia ungo wangu. Alikuwa Mama Sadia, mtoto mgongoni, na Sadia nyuma yake akiwa ameshika leso ya mama yake. Alimfungua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkeka wangu, akaonyesha mgongo kwa kidole bila kuugusa. Vipele vitano, vyeupe, vinang'aa, na vishimo vyake. Sadia alikuwa navyo bado mkononi pale tulipomchanja, na ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake.

"Hii ni nini?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

Nilimgusa mtoto paji la uso. Hana joto. "Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Si ndui," nikasema. "Ni vile vya Zuhura. Usikamue, usikate, usipake kitu. Muogeshe peke yake na nguo yake. Vitazidi kwanza, utaogopa, halafu vitavimba viwe vyekundu, halafu vitakwisha. Mvua moja au mbili. Na havimkingi na ndui. Nasema mara mbili: havimkingi."

Alimgeuza mwanawe chali. Mtoto alikuwa anapiga miguu mkekani.

"Nitajuaje," akasema, "kwamba safari hii hunifichi kitu?"

Nilitaka kuapa, nikaona aibu kuapa mbele yake.

Ni Sadia aliyesema. Alikuwa amechuchumaa karibu na mdogo wake, uso wake wenye mashimo umeinama, anamchezea vidole vya mguu.

"Mama, kule kibandani nilimuuliza kama nitakufa," akasema. "Akanambia hajui."

Mama Sadia alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Baadaye akavuta ungo wangu akauweka mapajani mwake, akaanza kutoa mawe.